Ndege za Mbao katika Nchi ya Dhahabu

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza katika mwaka wa 1928, nayo ilipita Shinyanga, katikati ya nchi ya Wasukuma. Tangu hapo mtu wa Shinyanga aliweza kupakia robota la pamba katika behewa, na mzigo ukafika Dar es Salaam bila kubebwa kichwani. Lakini reli ile iliishia ukingoni mwa Ziwa. Ng'ambo, upande wa magharibi wa ghuba ndefu iliyo kusini ya Mwanza, ilikuwako nchi ya Wazinza na Wasukuma wa Geita, na huko hapakuwa na behewa wala daraja. Msafiri alingoja mtumbwi au mashua, na baadaye pantoni ya Busisi. Daraja la kuivuka ghuba hiyo halikufunguliwa mpaka mwaka wa 2025. Na nchi hiyo ngumu kufikika ndiyo iliyokuwa na dhahabu.

Wajerumani waliigundua dhahabu ya Geita mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, walakini hawakupata faida kubwa. Msukumo wenyewe ulitoka mbali. Mwezi wa Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, na katika mwaka wa 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hata dola 35. Bei ilipopanda huko, majembe yalizama huku. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi katika mwaka wa 1936, ukawa mkubwa kupita yote ya Afrika ya Mashariki, ukafungwa mwaka wa 1966. Kabla yake zilikuwapo kambi ndogo ndogo za watafutaji: mahema na vibanda vichache, mashimo, kinu cha kuponda mawe, Mzungu mmoja au wawili, na vibarua wengi. Kambi mojawapo ilikuwa Nungwe, karibu na ghuba ya jina hilo. Msomaji wa pwani asiichanganye na Nungwi ya Unguja. Hapa ni maji matamu, na samaki wake ni sato.

Nungwe ni mahali padogo katika historia ya Tanganyika, lakini jina lake limesomwa duniani pote kwa sababu ya safari moja ya eropleni. Safari hiyo, pamoja na vyombo vilivyotumika katika miaka ile, yafaa ichunguzwe kwa makini, kwa maana habari zake zimepokewa kutoka katika kitabu kimoja tu, na kitabu hicho kina kesi yake.

Kwanza kuhusu njia ya angani. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya barua kutoka Croydon, karibu na London, na mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali Mwanza. Kutoka Khartoum barua zilichukuliwa na Short Calcutta, chombo kikubwa chenye injini tatu na mwili wa madini mepesi, ambacho kilitua majini kama bata. Kilifuata Mto Naili hata Ziwa Viktoria, kikatua Kisumu, kisha Mwanza. Kwa muda usiotimia mwaka mmoja Mwanza ilikuwa kituo cha mwisho cha njia iliyoanzia Ulaya. Mwezi wa Januari 1932 njia ikarefushwa hata Cape Town, nayo sasa ikakata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa kando. Wenye kupanga njia walitazama ramani ya kutoka kaskazini kwenda kusini, na nchi ya dhahabu ilikuwa pembeni mwa ramani hiyo.

Pengo hilo liliachiwa ndege ndogo. Katika mwaka wa 1929 mjane mmoja wa Kenya, Bibi Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi pamoja na rubani Tom Campbell Black. Chombo chao cha kwanza kilikuwa Gipsy Moth, yenye mabawa mawili juu na chini, na viti viwili vilivyo wazi kwa upepo. Neno lenyewe "rubani" lilikuwa bado la baharini. Maana yake ni mtu anayejua miamba na mikondo, anayeongoza jahazi kuingia bandarini. Kuhamishiwa kwake angani kulifaa sana kwa kazi ya miaka ile. Rubani wa Nairobi aliyekwenda Ziwani hakuwa na mnara wa kumwongoza wala sauti ya redio. Alikuwa na dira, saa, ramani yenye sehemu nyeupe nyingi, na kumbukumbu ya milima aliyoiona safari iliyopita.

Vyombo hivyo, kwa sehemu kubwa, vilikuwa kazi ya seremala. Mifupa ya bawa ilichongwa kwa mbao nyepesi za jamii ya msonobari, ikaunganishwa kwa gundi na misumari midogo, ikavikwa plaiwudi au kitambaa cha kitani; kisha kitambaa kikapakwa dawa ya kukikaza hata kikalia kama ngozi ya ngoma. Gundi iliyotumika zaidi ilitengenezwa kwa maziwa. Mbao ilipendwa kwa sababu ni nyepesi, haihitaji mitambo mikubwa ya kiwanda, na ikivunjika porini mtu mwenye msumeno, randa na subira aweza kuitengeneza. Fundi wa mitumbwi wa Ukerewe angeitambua kazi hiyo kwa haraka zaidi kuliko mhandisi wa reli. Lakini gundi ya maziwa ikipata unyevu kwa muda mrefu huota ukungu na kuachia, mchwa nao hawabagui mbao ya eropleni na mbao ya kitanda. Kwa hiyo chombo cha namna hiyo kilihitaji banda, na mtu wa kukitazama kila siku.

Wala haikuwa desturi ya Waingereza peke yao. Wafaransa walikuwa mabingwa wa ufundi huo, na ndege yao ya Caudron Simoun, yenye viti vinne na bawa moja la chini, iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa ya mbao, ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyosifiwa sana katika miaka ile. Mwezi wa Desemba 1935 Génin na Robert waliirusha Simoun kutoka Paris hata Antananarivo, Madagaska, kwa muda usiotimia siku tatu. Tarehe 30 ya mwezi huo huo Antoine de Saint-Exupéry, akiwa na fundi wake André Prévot, aliangusha Simoun nyingine katika jangwa la Libya, wakakaribia kufa kwa kiu mpaka Bedui mmoja akawaokoa. Mwandishi huyo aliisimulia ajali hiyo katika kitabu chake Terre des hommes cha mwaka wa 1939. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ndege za mbao, ambazo huoza upesi, zimeacha vitabu kuliko zilivyoacha vyuma. Simoun zilijengwa kwa mamia. Leo mwenye kutaka kuiona hana budi kwenda jumba la makumbusho.

Kitabu cha Nungwe nacho ni cha namna hiyo. Mwenyewe ni Bibi Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1902 na kulelewa Njoro, Kenya, ambako baba yake alifuga farasi wa mashindano. Alifundishwa urubani na Campbell Black, na mwaka wa 1933 akapata hati ya kurusha ndege kwa malipo, akawa mwanamke wa kwanza katika Kenya kuwa nayo. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua, abiria, dawa, na kuwatafutia matajiri ndovu kutoka angani, kazi ambayo hata yeye mwenyewe hakuisifu sana. Kitabu chake, West with the Night, kilitolewa Marekani mwaka wa 1942, na sura yake ya kwanza inahusu Nungwe.

Sura hiyo inaanza na daftari la safari. Tarehe ni 16 Juni 1935. Chombo ni Avro Avian yenye alama VP-KAN. Safari ni kutoka Nairobi kwenda Nungwe. Muda ni saa 3 na dakika 40. Sababu ya safari ni mtungi wa oksijeni. Mchimba dhahabu alikuwa mgonjwa wa kufa, na daktari aliyekuwako alikuwa ameomba mtungi huo upelekwe upesi. Rubani akaondoka usiku, peke yake, na mtungi. Alipofika alikuta pia mtu mwingine kibandani akifa kwa homa ile kali inayogeuza mkojo kuwa mweusi, na mazungumzo yake na mtu huyo ndiyo yanayokaa moyoni mwa msomaji kuliko safari yenyewe.

Je, habari hizi ni za kuaminiwa? Daftari laweza kupimwa. Kutoka Nairobi hata ghuba ya Nungwe, kwa mstari ulionyooka juu ya Bonde la Ufa na kaskazini ya Serengeti, ni maili 340 hivi. Avian, yenye mabawa mawili ya mbao na kitambaa, ilikwenda maili 90 kwa saa au zaidi kidogo. Gawanya, na jibu ni karibu saa 3 na dakika 40. Mtu aliyebuni tarakimu hizo angekuwa amezibuni kwa uangalifu mwingi, na wabunifu kwa kawaida hupenda mviringo. Upande wa pili, hesabu ya mwezi inaonyesha ya kuwa katika usiku wa tarehe 16 Juni 1935 mwezi ulikuwa mpevu, kwa maana ulipatwa wote tarehe 16 Julai, yaani baada ya mzunguko mmoja kamili. Msomaji anayesimuliwa safari ya gizani na akumbuke hilo. Mawingu huweza kuufunika mwezi, na mwezi wa Juni Ziwani si mweupe daima. Hata hivyo giza la kitabuni huenda lina rangi zaidi kuliko lile la angani.

Kesi kubwa zaidi ni ya mwandishi. Wakati kitabu kilipoandikwa Bibi Markham alikuwa Marekani, na mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mtu wa kazi ya uandishi. Kitabu kiliuzwa kidogo, kikasahauliwa. Kikafufuliwa mwaka wa 1983, baada ya kugunduliwa barua ya Ernest Hemingway iliyokisifu mno. Hapo ndipo wanachuoni walipogawanyika. Mary Lovell, katika wasifu aliouchapisha mwaka wa 1987, alishikilia kwamba kitabu ni cha rubani mwenyewe. Errol Trzebinski, mwaka wa 1993, akasema kwamba kalamu ilikuwa ya Schumacher. Bibi Markham alikwisha kufariki Nairobi mwezi wa Agosti 1986. Kwa mwanafunzi wa historia ya Geita ugomvi huo una uzito wake, lakini si ule wanaoupa wenyewe. Mtu asiyefika Nungwe aweza kuipamba sentensi. Hawezi kuijua saa na dakika ya kufika, wala harufu ya kambi. Kwa hiyo yaelekea kwamba habari ni za rubani, hata kama mapambo yana mkono wa pili. Hasara ya kweli iko kwingine: katika mambo ambayo hakuna hata mmoja wa hao wawili aliyeona haja ya kuyaandika.

Kiwanja cha ndege hakiji kwa kuomba. Hata chombo chepesi kama Avian kinataka ardhi ndefu iliyo sawa. Porini Geita maana yake ni kukata miti, kung'oa visiki, kubomoa vichuguu na kushindilia mahali pake, kujaza mashimo, na kufyeka majani tena kila baada ya mvua. Usiku yapasa mioto iwashwe na kutunzwa na watu waliokesha. Kazi hii yote ilifanywa na watu wa nchi, Wazinza na Wasukuma na vibarua waliotoka mbali. Kitabu kinampa mchimba dhahabu anayekufa kurasa nyingi. Waliofanya eropleni iweze kutua hawana hata jina moja. Mwafrika pekee anayetajwa kwa heshima katika mambo ya ndege ni arap Ruta, ambaye utotoni aliitwa Kibii, rafiki wa rubani tangu Njoro, aliyetunza farasi kisha akahama kutoka zizini na kuitunza ndege. Kumtaja kwake ni sifa kwa mwandishi, awaye yote. Lakini Ruta alikuwa mtu wa nyumbani kwao.

Tofauti na Shinyanga ni ya kuelimisha, kwa sababu huko kazi ya mashoka iliandikwa. Katika miaka ya 1920 C. F. M. Swynnerton, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa idara ya kuchunguza mbung'o yenye makao yake Shinyanga, alishirikiana na watemi kukusanya maelfu ya watu wafyeke vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Ripoti zilitaka kujua watu wangapi walifika na eneo gani limesafishwa, kwa hiyo tunajua kwamba watu hao walikuwako. Sayansi ilihesabu, utafutaji wa dhahabu uliokuwa na haraka haukuhesabu. Swynnerton naye alichukuliwa na zama za eropleni: tarehe 8 Juni 1938 alikufa katika ajali ya ndege alipokuwa akienda Dar es Salaam kupokea nishani, na pamoja naye akafa mwenzake B. D. Burtt, mjuzi wa mimea. Mbung'o mmoja angali anaitwa Glossina swynnertoni, na mti mmoja umepewa jina la Burttia. Shinyanga ya leo, yenye kata yake ya Kambarage na kiwanja chake cha ndege cha Ibadakuli, haina alama nyingi nyingine za watu hao.

Baada ya Nungwe habari za Bibi Markham zaingia katika mambo makubwa, na humo ndimo ilimo ndege ya mbao iliyo mashuhuri kuliko zote zilizopata kubeba alama za Kenya. Chombo hicho kilikuwa Percival Vega Gull, alama VP-KCC. Mwenyewe alikuwa John Carbery, tajiri mwenye asili ya Ireland aliyekaa karibu na Nyeri. Vega Gull ilikuwa ndugu ya Simoun kwa umbo na kwa tabia: bawa moja la chini, viti vinne, mwili wa mbao, mabawa yanayokunjika ili iingie katika banda dogo, na injini ya Gipsy Six yenye nguvu za farasi 200. Zilijengwa 90 tu. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Bibi Markham aliirusha kutoka Abingdon, Uingereza, ikiwa imejazwa matangi ya petroli mahali pa abiria, akaelekea New York. Baada ya zaidi ya saa 21 petroli ilikoma kufika katika injini, naye akashuka katika kinamasi cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada; pua ya ndege ikazama topeni, rubani akaumia kichwa kidogo. Hakufika New York kwa ndege hiyo, lakini alikuwa mtu wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza yenyewe kuelekea magharibi bila kutua njiani.

Mwaka huo ulikuwa wa Vega Gull. Katika mashindano ya kutoka Portsmouth kwenda Johannesburg, yaliyoanza mwisho wa Septemba, ndege tisa ziliondoka na moja tu ikafika, nayo ilikuwa Vega Gull ya Scott na Guthrie. Campbell Black, mwalimu wa Bibi Markham, alikuwa ajitie katika mashindano hayo hayo. Tarehe 19 Septemba ndege yake iligongwa na nyingine uwanjani Liverpool, akafa. Ni yeye aliyekuwa ameshinda pamoja na Scott, mwaka wa 1934, mashindano ya kwenda Australia, katika ndege ya mbao ya de Havilland Comet. Kampuni aliyoisaidia kuzaliwa Nairobi nayo haikukaa sana. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 Wilson Airways ilifungwa, na ndege zake na marubani wake wakachukuliwa na jeshi.

Vita vilitoa hukumu ya mwisho juu ya mbao. Waingereza walijenga ndege ya kivita ya Mosquito kwa plaiwudi, na Ulaya ilifanya maajabu. Lakini mwaka wa 1944, katika joto na mvua za India na nchi za jirani, mabawa ya baadhi yao yaliachia kwenye viungo. Baada ya hapo nchi za joto zikaletewa ndege za chuma. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka wa 1940, palipata kiwanja chake, na hakikuwa kiwanja cha mioto ya mafuta na visiki vilivyong'olewa jana.

Vega Gull VP-KCC ilitolewa topeni ikarudishwa kwa mwenyewe. Kitabu kinasema kwamba Carbery aliiuza kwa Mhindi mmoja tajiri, ambaye hatajwi jina, kama vile watu wa kiwanja cha Nungwe wasivyotajwa. Tunaambiwa tu kwamba hakujua mambo ya mashine. Ikaachwa nje katika kiwanja cha Dar es Salaam. Hewa ya pwani ina chumvi, na masika ya Dar es Salaam hunyesha juma baada ya juma. Injini ikala kutu, milango ikashikana kwa chumvi, na ile ndege iliyoivuka Atlantiki ikamalizika hapo, kwa sababu haikuwa na banda, wala mtu kama arap Ruta wa kuifuta kila asubuhi.